Kutekeleza au Kufanya Utekelezaji? Tahakiki ya Vitenzi vya Maneno Mawili katika Lugha ya Ofisi

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi yetu Dodoma ulitolewa na TANU mwaka 1973. Serikali ilianza kuhamia kwa wingi baada ya mwaka 2016, na mwaka 2018 Bunge likatunga sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu. Leo Bunge hukutana hapa, wizara zina majengo yake katika Mji wa Serikali kule Mtumba, na nyaraka nyingi zinazoiendesha nchi hutungwa katika uwanda huu wa kati kabla hazijafika Kigoma, Mtwara au Bukoba. Kwa hiyo yeyote atakaye kujua Kiswahili rasmi kinaelekea wapi hana budi kutazama jinsi kinavyoandikwa hapa. Katika makala haya tunakusudia kutazama jambo moja tu la Kiswahili hicho, nalo ni namna kinavyounda vitenzi.

Jambo lenyewe ni rahisi kulitambua. Afisa aliyekwenda kukagua ghala haandiki kwamba ‘amekagua ghala’, bali ‘amefanya ukaguzi wa ghala’. Kamati haikuchunguza, ‘ilifanya uchunguzi’. Idara haitekelezi, ‘inafanya utekelezaji’. Fedha hazilipwi, ‘malipo hufanyika’. Mahali palipokuwa na kitenzi kimoja sasa pana maneno mawili: kitenzi kisicho na uzito wowote, na nomino iliyobebeshwa maana yote.

Juu ya jambo hili wafasiri na walimu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huona kwamba kila kitenzi cha maneno mawili ni uchafu wa lugha. Walimu wa kundi hili hufuta kwa wino mwekundu hata ‘kupiga simu’ na ‘kupiga picha’, wakidai kwamba hakuna aliyepigwa. Kundi la pili huona kwamba maneno yakiwa mengi ndipo barua inapopata heshima ya kiofisi, na kwamba ‘kukagua’ ni neno la sokoni ilhali ‘kufanya ukaguzi’ ni neno la Serikali. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamepotoka, na yamepotoka kwa sababu moja: yamechanganya vitenzi ambavyo lugha imeviunda kwa haja na vitenzi ambavyo mwandishi ameviunda ili apate pa kujificha. Kusudi la makala haya ni kuvitenganisha.

Lugha za jirani na za mbali

Yafaa tuanze kwa kuuliza kama jambo hili ni letu peke yetu. Hatuna haja ya kusafiri mbali ili tupate jibu. Katika eneo la Kondoa na Chemba, kaskazini ya mkoa huu, husikika lugha za asili nne mbalimbali: za Kibantu, kama Kirangi na Kigogo; za Kikushi, kama Kiburunge na Kialagwa; Kidatooga, ambacho ni cha Kiniloti; na Kisandawe chenye sauti za kidoko, ambacho wataalamu wangali wakibishana juu ya ukoo wake. Ni pahali pachache duniani ambapo mwalimu mmoja huweza kuwa na watoto wa asili zote hizo katika darasa moja.

Lugha hizo hazijengi vitenzi vyake kwa namna moja. Katika Kirangi, baadhi ya nyakati zijazo huundwa kwa kutanguliza kitenzi kikuu katika umbo la ‘ku-’, kisha kitenzi kisaidizi chenye nafsi kikafuata nyuma. Lugha nyingi za Kibantu hufanya kinyume chake: kisaidizi hutangulia, kama sisi tusemavyo ‘alikuwa akilima’. Kaskazini zaidi, kule Mbulu, Kiiraqw, ambacho ni ndugu wa Kiburunge na Kialagwa, huweza kuiingiza nomino ya mtendwa katikati, baina ya kiungo kinachoonyesha nafsi na kitenzi chenyewe, hata nomino na kitenzi vikawa kama neno moja. Huo ni mlango mmoja wa kuunda kitenzi changamano: kuimeza nomino.

Tukitoka nje ya Afrika twakuta milango mingine. Katika Papua Guinea Mpya, lugha ya Kalam ina mizizi ya vitenzi ipatayo 130 tu, na wasemaji wake hupanga mizizi kadhaa mfululizo ili kueleza tendo ambalo sisi tungelieleza kwa neno moja. Katika kaskazini ya Australia, Kijaminjung kina vitenzi takriban 30 tu vinavyobadilika kwa nafsi na wakati. Maana iliyobaki hubebwa na kundi kubwa la maneno yasiyobadilika yanayoandamana navyo. Lugha za namna hiyo hazina upungufu wowote wa kusema. Zimegawa kazi tu: neno moja lalichukua tendo, na jingine lachukua sarufi.

Lakini mlango ulio wazi kuliko yote ni ule wa nomino pamoja na kitenzi ambacho maana yake imefifia. Mwaka 1942 mtaalamu wa Denmark, Otto Jespersen, alipoeleza jambo hili katika Kiingereza aliviita vitenzi hivyo ‘vyepesi’, na jina hilo limedumu. Kijapani hutumia ‘suru’, Kikorea ‘hada’, Kituruki ‘etmek’, Kihindi na Kiurdu ‘karna’. Vyote vina maana ya kufanya. Kiajemi hutumia ‘kardan’, yaani kufanya, na vilevile ‘zadan’, yaani kupiga. Hapo ndipo walimu wetu wa wino mwekundu wanapopaswa kutulia kidogo. Mwajemi naye ‘hupiga mswaki’: husema ‘mesvak zadan’. Naye ‘hupiga kengele’ akiwa na maana ya kupiga simu: ‘zang zadan’. Naye ‘hupiga hatua’, ‘ghadam zadan’, ingawa kwake maana yake ni kutembea taratibu, na kwetu ni kuendelea mbele. Neno ‘simu’ lenyewe lina asili ya Kiajemi, nalo lilikuwa na maana ya waya. Basi asemaye kwamba ‘kupiga simu’ ni makosa ya vijana wa mitaani hana budi kuwahukumu na watu wa Shiraz na Isfahan pia.

Njia mbili za Kiswahili

Hata hivyo, kufanana huko kusitufanye tudhani kwamba Kiswahili na Kiajemi vimepita njia moja. Hapa pana tofauti kubwa, na katika tofauti hii ndimo lilimo jibu la swali letu.

Lugha zote hizi zilichukua maneno mengi kutoka katika Kiarabu. Tazama basi zilivyoyatendea. Kituruki kilipolichukua neno la Kiarabu lenye maana ya ukubalifu, hakikuweza kulifanya kitenzi hivihivi. Kililiwekea msaidizi, likawa ‘kabul etmek’. Kiajemi kikasema ‘ghabul kardan’, na Kiurdu ‘qabul karna’. Kiswahili hakikuhitaji msaidizi. Kililiingiza neno moja kwa moja katika kundi la vitenzi, kikasema ‘kukubali’, kisha kikalinyambua kama kwamba lilizaliwa hapa: kukubaliana, kukubalika, kukubalia, kukubaliwa, makubaliano. Vivyo hivyo Mwajemi ‘hufanya safari’, ‘safar kardan’, lakini Mswahili husafiri, husafirisha, na bidhaa zake husafirishwa. Mwajemi ‘hufanya fikra’, ‘fekr kardan’. Mswahili hufikiri na kufikiria. Mwajemi ‘hufanya subira’, ‘sabr kardan’. Mswahili husubiri, na asubiriwaye akichelewa hulaumiwa.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya Kiswahili, na ndiyo iliyo kuu: mzizi, uwe wa Kibantu au wa kigeni, huvishwa viambishi na kuwa kitenzi kamili. Njia hii haijazibika hadi leo. Ilipotokea haja ya kutaja kitendo cha kuchukua faili kutoka katika mtandao, hatukuunda maneno mawili. Tulimwendea mpishi, tukachukua ‘kupakua’ kutoka chunguni kwake, na kila mtu akaelewa.

Njia ya pili ni ile ya ‘piga’ na wenzake: tia, kata, toa, unga, shika. Kwa kawaida Kiswahili huipita njia hii pale ambapo nomino yenyewe ni kitu, chombo au alama yenye jina lake, na tendo ni kukitumia kitu hicho: kupiga pasi, kupiga deki, kupiga picha, kupiga mhuri, kutia saini, kupiga kura. Njia hii nayo si ya juzi. ‘Kupiga ramli’, ‘kupiga bao’, ‘kupiga mbizi’ na ‘kupiga hodi’ ni misemo iliyozeeka katika pwani yetu, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 tayari ilikuwa na orodha ndefu ya namna hiyo chini ya neno ‘piga’.

Tukiitazama ramani hiyo, mara moja twaona kwamba ‘kufanya utekelezaji’ hakuingii katika njia yoyote kati ya hizo mbili. Utekelezaji si chombo, wala si alama, wala si kitu kilichokuja na jina lake. Ni kitenzi ‘tekeleza’ kilichokwisha kuwapo, kikavuliwa nguo zake, kikavishwa joho la nomino, kisha kikatafutiwa kitenzi kingine cha kukibeba. Mwajemi hutumia ‘kardan’ kwa sababu hana njia nyingine nyepesi. Sisi twatumia ‘kufanya’ ilhali njia imo mikononi mwetu.

Mizani ya mnyambuliko

Je, twawezaje kujua kwamba kitenzi fulani cha maneno mawili kimekuwa kitenzi kamili? Sarufi yenyewe yatupa mizani. Kitenzi kilicho hai hunyambulika, humkubali mtendwa wake, na huzaa jina la mtenda. Na hakuna mahali pazuri pa kuijaribu mizani hii kuliko Bungeni hapa Dodoma, ambapo vitenzi vya maneno mawili vimepata kazi ya kisheria.

Mwenye hoja husema: ‘Naomba kutoa hoja.’ Mwenzake husimama na kusema: ‘Naafiki.’ Wakati wa mjadala wabunge humaliza hotuba zao kwa kusema: ‘Naunga mkono hoja.’ Mtu wa nje angedhani kwamba ‘kuafiki’ na ‘kuunga mkono’ ni kitu kimoja, kwamba kimoja ni kifupi na kingine ni kirefu. Sivyo. ‘Kuafiki’ kumekuwa tendo la utaratibu, ambalo bila hilo hoja haiendelei. ‘Kuunga mkono’ ni kutangaza msimamo wa msemaji. Hapa kitenzi cha neno moja na kitenzi cha maneno mawili vimegawana kazi, na mfasiri atakayevichanganya atakuwa ameharibu kumbukumbu ya shauri zima.

Sasa tuvinyambue. Twasema ‘hoja iliungwa mkono’. Hatusemi ‘mkono uliungwa’. Kwa maneno mengine, ‘unga mkono’ kimeshikamana hata nomino ‘mkono’ imepoteza haki yake ya kuwa mtendwa, na mahali pake pamechukuliwa na ‘hoja’. Ndivyo ilivyo pia katika ‘piga marufuku’: Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, wala haikupigiwa marufuku. Ndivyo ilivyo katika ‘piga mnada’, ‘piga pasi’ na ‘tia saini’: nyumba hupigwa mnada, nguo hupigwa pasi, mkataba hutiwa saini.

Lakini ‘piga kura’ ni mambo mengine. Hapa ‘kura’ ingali ina nguvu zake: kura hupigwa, huhesabiwa, huharibika. Kile kinachoamuliwa kwa kura huingia kwa mlango wa kauli ya kutendea: ‘hoja ilipigiwa kura’. Vivyo hivyo ‘piga simu’: simu hupigwa, na mtu hupigiwa simu. Vivyo hivyo ‘kata rufaa’: mtu hukata rufaa, na hukumu hukatiwa rufaa. Tofauti ya ‘pigwa’ na ‘pigiwa’ si mapambo. Mtu aliyepigwa picha na mtu aliyepigiwa picha si mtu mmoja: wa kwanza amo ndani ya picha, wa pili ndiye aliyefanyiwa kazi hiyo.

Tutazame pia jina la mtenda. Kutokana na ‘piga kura’ tunaye mpiga kura, na tunalo daftari la kudumu la wapiga kura. Kutokana na ‘piga chapa’ tunaye Mpiga Chapa Mkuu wa Serikali, ambaye jina lake limo katika nyaraka za Serikali bila mtu kulicheka. Kutokana na ‘tia nia’ siasa ya miaka ya karibuni imetupa ‘watia nia’, yaani wale wanaotaka kuteuliwa kugombea. Hata lugha ya malalamiko imezaa: ‘kupiga pesa’ kumetoa ‘wapigaji’ na ‘upigaji’, na nomino ‘pesa’ imeanguka njiani kwa kuwa kila mtu ajua kilichopigwa. Si neno zuri, lakini ni ushahidi kwamba njia ya pili ingali na rutuba.

Mizani hiyo hiyo hutuonyesha pia misemo iliyogandamana mno. Mbunge asiyeridhika na majibu ya Waziri husema ‘nitashika shilingi’, akiwa na maana ya kuzuia shilingi ya mshahara wa Waziri mpaka aeleze vizuri. Hakuna asemaye ‘nitashika shilingi mbili’. Msemo huu ni nahau ya utaratibu. Lazima ufafanuliwe wote pamoja, na mfasiri asithubutu kuutafsiri neno kwa neno.

Pale ambapo ‘kufanya’ huficha

Sasa turudi katika ofisi. Kasoro ya ‘kufanya utekelezaji’ haiko katika urefu wake. Iko katika kile kinachopotea. Kitenzi cha Kiswahili ni mzigo uliofungwa vizuri: katika ‘itawalipa’ mna atakayelipa, mna wakati, mna watakaolipwa, na mna tendo lenyewe. Ukikigeuza kuwa ‘malipo’, atakayelipa ametoka, watakaolipwa wametoka, na wakati umetoka. Ukiongeza ‘yatafanyika’, wakati umerudi, lakini watu hawakurudi. Kauli ya kutendeka imefunga mlango wa mwisho.

Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe kwa kufuata mtindo uliozoeleka. Mji unapanuka, ardhi inapimwa, na tangazo limebandikwa katika ofisi ya kijiji: ‘Malipo ya fidia yatafanyika mara baada ya zoezi la uthamini kufanyika na uhakiki wa taarifa kukamilika.’ Mkulima wa zabibu alisomaye tangazo hili anataka kujua mambo matatu: nani atakuja shambani, nani atathibitisha alichoandika, na nani atamlipa. Tangazo lina maneno ya kutosha, tena ya Kiswahili sanifu, lakini halijibu hata swali moja. Sasa tulirudishie vitenzi vyake: ‘Mthamini atathamini mashamba yenu. Halmashauri itahakiki hesabu zake. Kisha Halmashauri itawalipa fidia.’ Maneno yamepungua, na kila tendo limepata mwenyewe.

Yawezekana mwandishi atajitetea kwamba hakuandika ‘Halmashauri itawalipa’ kwa kuwa haijaamuliwa bado nani atakayelipa. Hapo twasema kwamba kitenzi kimekwisha fanya kazi yake njema: kimefichua kwamba mpango haujakamilika. Ni afadhali jambo hilo ligunduliwe mezani kwa afisa kuliko shambani kwa mkulima.

Mfano wa pili ni ‘kufanyia kazi’. ‘Kufanya kazi’ ni kitenzi changamano chenye afya. Kimetupa mfanyakazi na vyama vya wafanyakazi. Kauli yake ya kutendea ni ya kawaida: ‘namfanyia kazi fulani’, ‘chombo cha kufanyia kazi’. Lakini lugha ya ofisi imekipa maana nyingine. ‘Ombi lako linafanyiwa kazi’, ‘ushauri wako tutaufanyia kazi’, ‘suala hilo Serikali italifanyia kazi’. Kazi gani? Ombi limesomwa? Limepelekwa kwingine? Linachunguzwa? Limekwisha kataliwa? Kiswahili kina kitenzi kwa kila hatua kati ya hizo: kupokea, kusoma, kupeleka, kuchunguza, kukubali, kukataa. ‘Kufanyia kazi’ huzifunika zote kwa shuka moja. Katika mazungumzo msemo huu hauna madhara makubwa. Katika barua ya kumjibu mwananchi ni pazia.

Mfano wa tatu ni mnyororo wa nomino: ‘kufanya ufuatiliaji wa utekelezaji wa uboreshaji wa huduma’. Humo mna matendo matatu, kufuatilia, kutekeleza na kuboresha, na hakuna hata mtenda mmoja. Aghalabu minyororo hii hutokana na tafsiri. Nyaraka za Kiingereza za mipango hupenda nomino, na mfasiri aliyeharakishwa huhamisha nomino kwa nomino. Lakini Kiingereza na Kiswahili havibebi mizigo kwa namna moja: sarufi yetu imeweka sehemu kubwa ya hazina yake ndani ya kitenzi, na mfasiri anayekikimbia kitenzi ameiacha hazina hiyo nyuma.

Haki ya maneno mawili

Hata hivyo, haitoshi kuagiza kwamba kila ‘kufanya’ na kila ‘kutoa’ kufutwe. Amri ya namna hiyo ingeharibu zaidi kuliko kutengeneza. Ziko jozi ambazo maneno mawili yana haki yake, na mahakama yatupa mfano ulio bora. ‘Mahakama ilitoa hukumu’ na ‘Mahakama ilimhukumu’ si sentensi moja. Mahakama huweza kutoa hukumu ya kumwachia mshtakiwa huru. Lakini msikilizaji akiambiwa ‘alihukumiwa’ ataelewa kwamba ametiwa hatiani. Tangu mwaka 2021, Bunge liliporekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki, kosa la kuchanganya viwili hivi limeacha kuwa kosa la insha. Limekuwa jambo linaloweza kugusa jina la mtu.

Jozi nyingine ziko nyingi. ‘Kueleza’ ni kufafanua jambo lolote. ‘Kutoa maelezo’ polisi ni tendo la utaratibu lenye karatasi na saini. ‘Kukutana’ kwaweza kutokea njiani. ‘Kufanya mkutano’ kwahitaji mwenyekiti. ‘Kuarifu’ ni kumjulisha mtu. ‘Kutoa taarifa’ kwaweza kuwa wajibu wa kisheria wenye siku zake. Mtu atakayefuta maneno mawili katika jozi hizi kwa kutaka ufupi atakuwa amefuta na tofauti.

Historia ya Kiajemi yatuonya pia upande wa pili. Mwaka 1989 mwanaisimu wa Iran, Mohammad Reza Bateni, aliandika makala akiuliza kama Kiajemi ni lugha tasa. Hoja yake ilikuwa kwamba lugha hiyo, kwa kutegemea mno vitenzi vya maneno mawili, ilikuwa imepungukiwa na vitenzi vya neno moja ambavyo huzaa istilahi nyingine. Naye alitaka wanasayansi waruhusiwe kuunda vitenzi vipya vya neno moja kutokana na nomino. Wengi walimpinga. Kwetu sisi la kujifunza ni hili: nchi yenye chombo cha lugha tangu mwaka 1935 ilijikuta ikitafuta uwezo ambao Kiswahili kinao tayari, na ambao ofisi zetu zinaupoteza kwa uvivu wa mkono tu.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza maswali matatu ambayo mfasiri, mwalimu au afisa aweza kujiuliza kila anapokuta kitenzi cha maneno mawili.

Kwanza: je, kipo kitenzi cha neno moja chenye maana ile ile? Kikiwapo, kitumike. Tekeleza, kagua, chunguza, lipa, boresha, fuatilia, tathmini na hakiki havihitaji kubebwa na ‘kufanya’.

Pili: je, vyote viwili vipo na maana zake zinatofautiana? Vitumike vyote, kila kimoja mahali pake, na tofauti ifundishwe. Mwalimu wa sekondari aweza kuwapa wanafunzi jozi ya ‘kuhukumu’ na ‘kutoa hukumu’, akawauliza ni nani ametiwa hatiani. Somo moja la namna hiyo lina faida kuliko kufuta ‘piga simu’ mara mia.

Tatu: je, kipo cha maneno mawili peke yake? Basi kihesabiwe kuwa kitenzi kamili na kipewe heshima hiyo. Katika kamusi zetu vitenzi kama ‘piga kura’ na ‘piga marufuku’ hupangwa ndani ya habari za neno ‘piga’, na mara nyingi msomaji haambiwi kama atasema ‘pigwa’ au ‘pigiwa’. Orodha za istilahi za kisheria na za kiutawala zinafaa kukipa kila kimoja mahali pake, pamoja na kauli ya kutendwa, kauli ya kutendea na jina la mtenda, na zitamke kama ni ‘mpiga chapa’ au ‘mpigachapa’, maana maumbo yote mawili yanaonekana.

Liko neno la mwisho juu ya orodha hizo, nalo lahusu chanzo cha ugonjwa wenyewe. Tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyotolewa na Baraza kuanzia miaka ya 1970 hadi orodha za miaka yetu, istilahi hukusanywa zaidi kama majina ya vitu na dhana. Mtumiaji hupewa ‘uthamini’, ‘uhakiki’, ‘ufuatiliaji’, akaachwa ajitafutie namna ya kuunda sentensi. Hana kitenzi mkononi, basi huokota kile kilicho karibu, ‘kufanya’. Istilahi isiyo na kitenzi ni jembe lisilo na mpini: laweza kuhesabiwa ghalani, lakini halilimi. Kila nomino inayosanifiwa na iandamane na kitenzi chake, na kila kitenzi kiandamane na mfano wa sentensi yenye mtenda na mtendwa.

Hilo likitendeka, atakayebandika tangazo Chamwino au Kongwa atakuwa na neno la kumwambia mkulima ni nani atakayemlipa, na mkulima atajua ni mlango gani wa kwenda kuugonga.